Nilianza Kuhesabu Kutoka Barabarani

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi na manyunyu.

Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na haya manyunyu hayana hata adabu ya kuwa mvua kamili. Nimekaa mezani na blanketi mabegani. Mikono yangu inanuka kutu ya debe, na bega la kulia linawaka kama limepigwa rungu. Nina hasira, na kwa mara ya kwanza sijui nimrushie nani.

Kwa kawaida najua. Hasira yangu siku zote imekuwa na anwani: wakubwa wa maofisini, wakata utepe kwenye miradi isiyotoa hata tone, wanaovuta mali ya umma mpaka kwenye mageti yao. Nimewashambulia magazetini mpaka wahariri wakauchoka mwandiko wangu. Leo nimeifuata hasira hiyo mpaka ilikokuwa ikienda, nikaikuta imesimama kwenye mlango wangu mwenyewe.

Nimenaswa.

Acha nianze mwanzo, maana nikiruka kitu nitaanza kujitetea, na kujitetea ni kazi ninayoifanya vizuri mno.

Kichochoro chetu hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, kinaanzia barabarani na kuteremka moja kwa moja mpaka mtoni. Kina ploti nane, kila ploti na geti lake na safu zake za vyumba vya mabati, kila chumba na familia yake. Hakina bomba. Miaka ishirini na ushei tangu tupandishe bendera yetu, na wanawake wa hapa bado wanavuka barabara kwenda kuteka maji kwenye bomba la kanisa. Jambo hili nimeliandikia mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na hoja yangu ilikuwa ileile: wakubwa wanagawa maji kwa kubahatisha na kwa kujuana. Tumieni hesabu, nilipiga kelele. Hesabu haina mjomba.

Basi wakaniambia, njoo uhesabu.

Nilikuwa nimefukuzwa ualimu kwa sababu ya mdomo. Ofisi inayoshughulikia maji ilikuwa imenunua kompyuta na haikuwa na watu wa kuiandikia programu. Sasa ni mwaka wa tatu niko huko. Mashine inajaza chumba kizima na inapulizwa hewa baridi mchana kutwa, inatunzwa kuliko mgonjwa yeyote wa mji huu. Unaiambia unachotaka kwa kadi zilizotobolewa matundu, unamwachia mwendeshaji bunda lako, kesho yake unarudi kupokea jibu au matusi. Naipenda. Nasema hapa kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka: naipenda mashine ile kuliko ninavyowapenda watu wengi. Ukikosea inakwambia umekosea, haikuzungushi.

Mwezi uliopita mkubwa wangu aliniita. Ni mtu mtaratibu, na hajasahau hata neno moja nililowahi kuiandikia ofisi yake.

"Kichochoro chenu kimepata fungu," alisema. "Sasa wewe mpenda hesabu, nitafutie mabomba machache kabisa yatakayotosha. Sharti ni moja: pasiwe na geti lililo mbali na bomba kupita hatua mia. Ukifaulu hapo, programu hiyohiyo tutaipeleka Kibera."

Nilitoka mle ofisini nikitembea kama bwana harusi. Swali zuri kama lile mtu halipati kila mwaka.

Jumapili iliyofuata nilipanda mpaka barabarani, nikageuka, nikashuka kichochoro nikihesabu hatua, nikaandika kila geti liko hatua ya ngapi. Nikapata safu hii:

10, 60, 110, 180, 220, 260, 320, 330.

Geti letu ni la tano, hatua ya 220. La saba, hatua ya 320, ni la Mzee Gathecha. Yeye anaishi humo, na ndiye pia mwenye ploti tunayopanga sisi.

Mbinu niliyoitumia ni mbinu ya mlafi. Mlafi haangalii sinia zima. Anachukua tonge kubwa kuliko yote lililo mbele yake, anameza, anaendelea, harudi nyuma. Programu inasimama kwenye geti la kwanza ambalo halijapata maji na kujiuliza: bomba la huyu naweza kulisukuma mbele mpaka wapi bila kuvunja sharti? Hatua mia. Inalipigilia hapohapo, kwenye ukingo wa ruhusa, kwa sababu nyuma hakuna tena anayelihitaji na kila hatua ya mbele huenda ikaokoa geti jingine. Kisha inayaruka mageti yote yaliyofikiwa na kuanza upya kwenye la kwanza lililobaki.

Geti la hatua ya 10 lilisukuma bomba mpaka 110, likatosha mageti manne ya juu. Geti letu likasukuma la pili mpaka 320, likatosha manne ya chini. Mabomba mawili. Na hakuna binadamu wala malaika awezaye kutumia pungufu, maana geti la kwanza na la mwisho yako mbali mno kunywea bomba moja. Programu yenyewe haikujaza hata ukurasa. Nimesoma vitabu vinene vyenye ukweli mdogo kuliko ukurasa ule.

Ijumaa wapima walikuja na vigingi viwili vyenye rangi nyekundu. Mitaro inaanza kuchimbwa wiki hii.

Kigingi cha pili kimesimama mbele ya geti la Mzee Gathecha.

Kabla jua halijatua, mzee alikuwa ameshaleta nguzo na mabati. Anasema anataka kulilinda bomba lisiharibiwe na watoto. Kila mpangaji wa hapa anaujua ulinzi wa Mzee Gathecha: una kufuli, na ufunguo unalala kwenye mfuko wa koti lake. Aliponiona nikitoka kazini alinishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ninayolipa kodi mapema.

"Mwandishi, hiyo kompyuta yako iko na akili sana," alisema. "Imejua mzee ni nani."

Nilicheka naye. Hilo linaniuma kuliko bega.

Agneta, mke wangu, ndiye anayetutekea maji. Goti lake la kushoto halijapona tangu ateleze na debe wakati wa mvua za Aprili. Lilivimba, likapungua, likakataa kurudi lilivyokuwa. Jana jioni alikuwa anamenya viazi, akasema bila kuinua macho:

"Kule chini ni mbali, Baba Nafula."

"Mbali wapi? Kanisani ni zaidi ya hatua mia mbili. Hapa ni mia. Nimekupunguzia zaidi ya nusu."

"Goti langu halijui nusu."

Mimi siwezi kuacha mabishano yaishe hivyo. Nimebishana na wabunge, nimebishana na maaskofu, sikuwa tayari kushindwa na goti. Nikamwambia kesho nitabeba debe mwenyewe mbele ya macho ya watu, ili aone hatua mia ni kitu gani.

Leo baada ya ibada nikafanya hivyo. Mpango ulikuwa rahisi. Nilijaza debe kanisani, nikaliweka begani, nikashuka nalo mpaka kwenye kigingi. Pale ningegeuka kana kwamba nimeteka maji palepale, nipande mpaka nyumbani, nilitue miguuni pa Agneta bila kuhema na kusema: unaona?

Mwanamume kubeba debe la maji kwenye kichochoro hiki ni sinema ya bure. Mama Sabeti, anayekaanga mandazi kwenye geti la nne, aliacha mandazi yaungue.

"Baba Nafula! Umeolewa lini na hukutualika?"

Nilipolipita geti letu bila kuingia, akazidi kupandisha sauti.

"Jamani mmeona? Mlango ameupita! Baba Nafula, hayo maji unayapeleka mtoni yakasalimie wenzake?"

Watu walitoka vyumbani. Mimi nilishuka nikitabasamu, maana kushuka kulikuwa kwepesi, uzito wenyewe unakusukuma. Nikafika kwenye kigingi. Nikageuka.

Sijui niuandikeje ule mteremko ulipogeuka kuwa mlima. Ni njia ileile. Lakini udongo mwekundu ulionyeshewa kwa wiki nzima haukupi pa kukanyaga, kila hatua inarudi nusu yake, na maji ndani ya debe yana akili yao: ukiegemea mbele yanakuja mbele, ukisimama yanakuchapa shingoni. Katikati ya njia nililitua na kujifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Hicho kiatu kina kamba ngapi?" Mama Sabeti aliuliza kutoka juu.

Nilifika mlangoni nimelowa mpaka kiunoni. Agneta alichungulia ndani ya debe, kisha akaniangalia mimi.

"Kweli," alisema. "Umenipunguzia nusu."

Nilikaa hapa mezani, suruali inachuruzika, nikafungua daftari nione nilikosea wapi. Nilitaka sana kuwe na kosa. Nilipitia programu mstari kwa mstari na sikuona kosa lolote. Mashine ilijibu sawasawa swali ililoulizwa.

Kisha nikaliona, na nikatamani nisingeliona, kwa sababu ni kosa ambalo ningemchana mtu mwingine vipande kwa ajili yake.

Hatua mia za safu yangu ni zilezile kwenda na kurudi. Lakini mtu anakwenda bombani mikono mitupu na anarudi na mzigo. Bomba likiwa juu yako, unapanda ukiwa mwepesi na kushuka na maji. Likiwa chini yako, unashuka mwepesi na kupanda na maji. Na mlafi wangu kazi yake ni kusukuma bomba mbele kadiri anavyoweza. Mbele ni wapi? Ni upande wa pili wa pale ulipoanzia. Nilianzia juu, naye akayasukuma mabomba yote chini.

Sasa niulize kama ninavyowauliza wengine. Kwa nini nilianzia juu?

Hakuna aliyeniagiza. Sharti la mkubwa halikusema lolote kuhusu mwanzo. Nilianzia barabarani kwa sababu gari la ofisi huegeshwa barabarani. Mpima ardhi anaanzia hapo, karani wa kuhesabu watu anaanzia hapo, mgombea wa kura anaanzia hapo na aghalabu anaishia hapo. Nyumba ya barabarani ni namba moja, na mtoni ni mwisho wa namba, hata kwa watu waliozaliwa mtoni. Mimi naishi katikati ya mteremko huu. Nilipotumwa kuupima, nilipanda kwanza mpaka juu ili nishuke kama mgeni.

Hicho ndicho wakubwa walichonifanya, na hawakulazimika hata kunifunga.

Nikachukua karatasi, nikageuza safu, nikahesabu kutoka mtoni:

0, 10, 70, 110, 150, 220, 270, 320.

Mbinu ileile ya mlafi, bila kubadili hata mstari mmoja. Geti la mtoni likasukuma bomba juu hatua mia, likatosha mageti matano. La sita kutoka mtoni likasukuma la pili mpaka hatua kumi tu chini ya barabara, likatosha matatu yaliyobaki. Mabomba mawili tena! Sharti halikuvunjwa. Mtaro wenyewe unakuwa mfupi, kwa kuwa bomba kuu linapita barabarani. Na sasa karibu kila mtu anapanda mwepesi na kushuka na maji. Mageti mawili tu ndiyo yatakayopanda na mzigo: la Mama Sabeti hatua hamsini, ambaye kwa mpango wa kwanza angeshuka, na letu, hatua chache.

Nilipiga meza. Agneta alidhani nimevunja kitu.

Kisha nikageuza hesabu ili nijue kigingi kipya kitasimama wapi ukipima kutoka barabarani. Hatua ya 230. Geti letu ni 220.

Hatua kumi kutoka mlangoni kwangu.

Nimewaandika kwa majina ya kejeli watu waliovuta barabara, shule na nguzo za umeme mpaka kwenye mageti yao. Kila mmoja wao alikuwa na maelezo ya kitaalamu. Kila mmoja alisema mpango wa kwanza ulikuwa na kasoro, na marekebisho, kwa bahati tu, yakaangukia kwake. Niliwacheka. Kesho nitasimama mbele ya mkubwa wangu na karatasi inayosema jambo hilohilo, naye ataisoma polepole, atafika kwenye 230, na ataniangalia kwa furaha ambayo ameingoja kwa miaka.

Alasiri nilimwendea Mzee Gathecha. Sikutaka asikie kwa wengine. Alikuwa anapigilia mabati. Alinisikiliza mpaka mwisho, misumari midomoni, kisha akaitoa mmoja mmoja na kuitia mfukoni.

"Wewe mwandishi, skiza. Hiyo kigingi ikitoka hapa, na vitanda vyako vitoke kwa ploti yangu. Si ubaya. Ni hesabu tu."

"Mzee, maji ni ya kichochoro kizima."

"Na ploti ni yangu. Nitaambia kila mtu: huyu miaka yote anaandika juu ya wezi, kumbe alikuwa anangoja zamu yake."

Nilirudi nikipanda polepole, na njiani mlafi mwingine akaamka kifuani mwangu. Nikaona kwamba kama bomba la juu likibaki 110, la chini linaweza kusimama popote kuanzia 230 mpaka 320 bila kuvunja sharti. Kwa nini lisiwe 260, kwenye geti la sita? Si mbele ya mzee, si mbele yangu. Hakuna atakayenyoosha kidole. Agneta atapanda hatua arobaini tu na debe lake.

Nilifurahia wazo hilo kwa muda wa kutoka geti la saba mpaka la tano. Halafu nikamwona Agneta amekaa mlangoni, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kigoda, na nikaelewa nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa nanunua jina safi kwa goti lake. Na watu wa juu wangebaki wanapanda vilevile.

Halafu kuna Kibera. Nikinyamaza, programu yangu itakwenda kule jinsi ilivyo, na kila mteremko wa kule utahesabiwa kutoka barabarani, na wanawake nisiowajua watapanda na madebe mpaka wazeeke, na kila mmoja ataambiwa kwamba kompyuta imesema. Hakuna atakayejua kwamba kompyuta haikusema kitu. Ni mtu mmoja aliyechagua pa kuanzia bila kufikiri.

Basi nimeandika namba upya, kuanzia mtoni. Kesho asubuhi nitazipeleka kwa wasichana wa kutoboa kadi, na juu yake nitaandika kwa mkono wangu: geti la 220 ni la mwandishi wa programu hii. Atakayetaka kunitukana asihangaike kutafuta. Mama Sabeti nitamwambia mwenyewe juu ya hatua zake hamsini, na najua sitatoka pale salama. Mzee Gathecha hanitishi bure, ni mtu wa kutimiza. Huenda mwisho wa mwezi tukawa tunatafuta chumba Kibera, labda sehemu yake iitwayo Soweto, kwenye mteremko mwingine usio na bomba.

Nimemweleza Agneta yote, pamoja na ile 260. Alikuwa analisugua goti kwa mafuta. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo linalonitisha siku zote.

"Kwa hivyo bomba litakuja mlangoni kwangu, halafu mimi niondoke."

"Ndiyo."

"Na hiyo ndiyo akili ya kompyuta?"

"Hapana. Hiyo ni yangu."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Bado sikioni. Nimefungwa pande zote, na mlango pekee ulio wazi unanitoa nje ya nyumba yangu.

Alipomaliza kucheka alifunika chupa ya mafuta, akashusha mguu chini taratibu.

"Sawa, Baba Nafula. Peleka kadi zako. Lakini kitanda changu hakitoki hapa kabla sijateka debe moja pale. Moja tu. Hata Gathecha aje na askari."